Maswali ya Wasomaji: Nimestaafu, nataka kuandika riwaya ya kihistoria

Safari hii barua zimekuja nyingi za wastaafu, tena karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, kwamba sasa nina muda, nina hadithi ya zamani kichwani, naanzia wapi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ina mambo mengi yanayowahusu na wengine.

SWALI: Habari dada mhariri. Mimi ni mstaafu wa reli, naishi Tabora, nimetoka kazini mwaka jana nikiwa na miaka 60 kamili, mwisho nilikuwa stesheni masta. Nataka kuandika riwaya kuhusu babu yangu mzaa baba ambaye alijenga hii reli ya kati wakati wa Mjerumani akiwa kijana mdogo, alafu vita ilipokuja akabebeshwa mizigo. Alikuwa ananihadithia jioni, akafariki mimi nikiwa darasa la nne. Nimeshaandika kurasa kama sitini kwenye kaunta buku, binti yangu ni mwalimu wa sekondari kazisoma akaniambia baba ni nzuri ila ni kama ripoti. Imenivunja moyo kidogo. Je sijachelewa? Na mambo ya miaka ile nitayapata wapi kwa uhakika, maana babu sikumuuliza mengi? Na je ni ruhusa kuwataja watu wa kweli? (Mstaafu wa Reli, Tabora)

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa kumaliza utumishi salama. La umri nalimaliza haraka: hujachelewa. Ila usikae nalo miaka mingine mitano, kwa sababu watu waliosikia kwa masikio yao wenyewe sauti ya mtu aliyelaza mataruma (yale yanayobeba vyuma vya reli) ya Mjerumani wamebaki wachache sana, wewe ni mmoja wao, na wajukuu zako hawatampata babu huyo popote kama wewe hujamwandika.

Sasa nikwambie kitu ambacho naona hujakiona kwenye barua yako mwenyewe. Unaongea kama vile mali uliyonayo ni hadithi za babu tu na kwamba una pengo kubwa la kujaza, wakati umekaa relini maisha yako yote ya kazi. Unajua treni inavyosikika kwenye chuma kabla hata taa haijaonekana, unajua stesheni masta anawaza nini saa nane za usiku mvua inapiga na habari imekuja kwamba njia imekatika kule Kilosa na Gulwe, abiria wamelala chini kwenye korido na watoto wanalia njaa na yeye ndiye anayeulizwa. Unajua mkono wa fundi wa njia unavyokuwa baada ya miaka ishirini. Kijana wa miaka 25 mwenye digrii ya fasihi akitaka kuandika hayo itabidi aje akuulize wewe. Mi naamini kabisa kwamba mstaafu anayeandika historia aingie kupitia kazi aliyoifanya, muuguzi aingie kupitia hospitali, mwalimu kupitia shule, wa reli kupitia reli, kwa sababu mwili unakumbuka kazi na hicho ndicho kitu ambacho nyaraka hazina.

Tuje kwenye ripoti. Nakisia kurasa zako zinaanza na Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884. Miswada mingi ya wastaafu inaanza hapo, na naelewa kwa nini, ndivyo tulivyofundishwa historia shuleni, lazima ueleze sababu kwanza ndo uje kwenye tukio. Riwaya haihitaji. Msomaji anataka mtu, na huyo mtu awe anataka kitu leo hii, kwenye ukurasa wa kwanza. Ukiandika "Mwaka 1912 reli ilifika Tabora na kazi ilifanywa na vijana wengi wa Kinyamwezi chini ya manyapara" umesema kweli tupu lakini hakuna anayegeuza ukurasa. Jaribu hivi: "Mnyapara alipoanza kuhesabu watu Kasanda alikuwa ameshajibanza nyuma ya rundo la mataruma, zilibaki siku mbili walipwe na hakutaka kabisa leo mtu yeyote akumbuke jina lake." Hapo tayari kuna kijana, kuna hela, kuna hofu, na msomaji anataka kujua amefanya nini. Reli, Mjerumani, mwaka, vyote vitakuja vyenyewe.

Alafu mzee, unayo mada nzito na sijui kama umeiona. Wanyamwezi walikuwa ndio wapagazi wakubwa wa nchi hii, vijana walikuwa wanashuka pwani hadi Bagamoyo na misafara ya pembe, safari ya miezi kwa miguu, na kwa wengi kwenda pwani na kurudi ndio kulikuwa kukua, ndio kulimpa mtu jina na mahari. Reli ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma mwezi wa pili 1914, na kila ilipofika upagazi wa njia ile ukafa. Yaani vijana walewale, watoto wa wapagazi, ndio waliolaza kwa mikono yao kitu kilichoua kazi ya baba zao. Baba yake Kasanda alisema nini siku treni ya kwanza ilipoingia Tabora? Alikwenda kuiangalia au alibaki nyumbani? Hapo ndipo riwaya ilipo, na hakuna nyaraka yoyote itakayokujibu, utajibu wewe kwa kumjua baba wa Kinyamwezi alivyo.

Na wewe mwenyewe usijiache nje. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya imeanza kubeba abiria Dar hadi Dodoma, kwa hiyo reli ya mita moja uliyoitumikia nayo inageuka kuwa historia macho yetu yakiona. Unaweza ukawa na mzee wa stesheni anayesimulia, ukawa na nyakati mbili. Sikulazimishi, ila fikiria.

Kuhusu kupata uhakika. Anza na vya karibu. Nenda Kwihara hapo hapo kwenu kwenye lile tembe alilokaa Livingstone, sio kwa ajili ya Livingstone, nenda ukaangalie nyumba: unene wa ukuta, mlango, giza la ndani, mwanga unaingilia wapi, watu wako wataishi kwenye nyumba za namna hiyo. Kaongee na wazee wote uliobaki nao, na usiwaulize "reli ilijengwa lini", waulize walikula nini njaa ilipokuja, nani alikuwa anaogopwa, wimbo gani uliimbwa, mtu akifa njiani alizikwaje. Rekodi kwenye simu, wape na nakala watoto wao.

Ukipata nauli ya Dar es Salaam nenda Nyaraka za Taifa. Mafaili ya Mjerumani yapo, ila ni ya Kijerumani na mengine kwa mwandiko wa mkono wa zamani, hayo yasikutishe, yaache. Wewe omba vile vitabu vya wilaya ambavyo maafisa wa Kiingereza waliandika, kuna habari za machifu, koo, mila, bei, mvua. Ni za Kiingereza na zimeandikwa na mtawala kwa hiyo zisome ukijua nani anaongea, lakini zina vitu vidogo vidogo vya ajabu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina sehemu maalumu ya machapisho ya zamani ya Afrika Mashariki. Kwa Kiswahili tafuta gazeti la Kiongozi lililokuwa linatoka Tanga wakati wa Mjerumani, na Mambo Leo la serikali ya Kiingereza lililoanza 1923. Soma hasa barua za wasomaji na mashairi, maana hapo ndo utasikia watu wanavyolalamika na kusifiana kwa Kiswahili cha siku zile na sikio lako litashika bila kusoma kamusi. Na kwa picha huna haja ya kusafiri, mwambie binti yako akufungulie kwenye intaneti picha za Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani aliyekuwa huku, na mkusanyiko wa picha za makoloni wa Chuo Kikuu cha Frankfurt, ni bure. Kaa na picha moja saa nzima. Angalia miguu, nani ana viatu nani hana, nani amekaa nani amesimama.

Nikupe na mambo mawili ya kwenu ambayo naona yanakusubiri. La kwanza ni meli. Mwaka 1913 Wajerumani walitengeneza meli kule Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaifunga kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa treni mpaka Kigoma ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwezi wa pili 1915. Walipozidiwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaja kuiibua na ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Makasha yote yale yalipita kwenye reli ya babu yako mzee, mbele ya stesheni yako. La pili ni hela. Mwaka huohuo 1916 Mjerumani amezibwa kila upande, hapati sarafu kutoka kwao, akaanza kutengeneza hela kwenye karakana ya reli Lulanguru karibu na Tabora, zikiwemo zile za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu yenyewe ya mgodi wa Sekenke. Mafundi wa reli wanagonga dhahabu huku majeshi ya Mbelgiji kutoka Kongo yanasogea! Tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Mwandishi gani anapewa kitu kama hicho akakiacha? Mchukue kijana wako umpeleke karakana.

Hapo hapo kwenye hela kuwa makini, maana wasomaji wetu wazee watakushika. Usimlipe Kasanda shilingi, shilingi ilikuja na Mwingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Yeye alilipwa rupia. Zamani kidogo rupia moja ilikuwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, kuanzia 1904 wakabadilisha ikawa heller 100. Tengeneza daftari la miaka, kila mwaka na ukurasa wake, uandike Kasanda ana umri gani, mama yake yupo hai, nani anatawala, hela gani, mvua ilikuwaje. Bila hilo daftari utamwoza mtu kabla hajabalehe, nimeyaona hayo kwenye miswada.

La kutaja watu wa kweli: wakubwa waliomo kwenye historia, yule jenerali Lettow-Vorbeck wa jeshi la Mjerumani kwa mfano, wataje kwa majina yao ila wapite kwa mbali, wasikike zaidi kuliko kuonekana, na usiwape maneno mazito ambayo hawakusema. Babu yako mbadilishie jina. Najua itakuuma kwa sababu unaandika kwa ajili yake, lakini ukimwita kwa jina lake utashindwa kumfanya aibe, aogope, ampende mke wa mtu, na riwaya yako itakuwa risala ya msiba. Mwite Kasanda, alafu kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa andika "Kwa babu yangu" na jina lake kamili. Mwishoni weka ukurasa mmoja useme yapi ni ya kweli na yapi umebuni.

Zile kurasa sitini usizitupe. Ndio daftari lako la historia hilo, litakufaa kila siku. Anza upya na kaunta buku nyingine.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, natokea Pangani. Mama yake bibi yangu alikuwa mtumwa kwenye mashamba ya miwa, aliletwa kutoka huko Nyasa akiwa mtoto. Nataka kuandika maisha yake kwa njia ya riwaya lakini kaka yangu mkubwa amekasirika sana, anasema nataka kuivua nguo familia na kwamba sisi siku zote tumejulikana ni watu wa hapa hapa. Nifanyeje? (Mwalimu, Pangani)

JIBU: Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kaka usimlaumu, huku pwani neno hilo bado linaumiza, watu wamenyimwa wachumba kwa ajili yake na wengine wameishi wakichunga ulimi hadi kaburini, kwa hiyo hofu yake ina sababu. Lakini mi nasimama na wewe. Aibu ni ya walionunua na waliouza, huyu mtoto aliyetolewa kwao akavuka nchi nzima akaishi, akazaa, na leo kitukuu chake ni mwalimu, hana aibu yoyote ya kufichiwa.

Kwa vitendo fanya hivi. Usimwonyeshe kaka sura moja moja, atakukatisha kila sura. Maliza mswada mzima kwanza ndo umkalishe, ikiwezekana mbele ya shangazi au mtu mzima mwingine anayemsikiliza. Badilisha jina la huyo mama yake bibi, badilisha mtaa, badilisha idadi ya watoto, ukoo uliomiliki shamba nao upe jina la kubuni maana wajukuu zao mnakutana sokoni. Pangani ibakishe. Mto, minazi, kivuko, boma, usivihamishe.

Na naomba sana usimwandike analia kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mpe ujuzi. Alikuwa anapika nini ambacho watu walikifuata? Alikuwa hodari wa ngoma gani? Angalia na nguo: mtumwa mwanamke alijulikana kwa kaniki, ile nguo nyeusi, na wanawake walipopata uhuru wengi walikimbilia kuvaa kanga za rangi na wengine wakajiita majina mapya. Siku bibi yule aliyovua kaniki akajifunga kanga yake ya kwanza, doti aliyoinunua mwenyewe kwa hela yake, hiyo sura iandike taratibu, usiikimbize.

Miaka iangalie vizuri, wasomaji wengi wanadhani utumwa uliisha 1873. Mwaka ule Sultani Barghash wa Zanzibar alifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza biashara ya baharini basi, waliokuwa watumwa waliendelea kuwa watumwa. Unguja na Pemba amri ya kuwaacha huru ilitoka 1897. Huku bara Mjerumani hakufuta utumwa, alikuwa anatoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, zilitoka kwa maelfu, na akasema watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Kufutwa kabisa kwa sheria Tanganyika ni 1922 chini ya Mwingereza. Kwa hiyo mama, inawezekana kabisa huyo mama yake bibi yako alizaa mtoto huru huku yeye mwenyewe bado ni mtumwa. Piga hesabu ya umri wake uone alikuwa wapi kila tarehe ilipopita, nadhani utapata riwaya nzima kwenye hiyo hesabu tu.

SWALI: Niko Nakuru, nilikuwa nesi, macho yanaanza kuchoka na kutaipu sijui. Naweza kweli kuandika kitabu? Na kwa siku niandike kiasi gani? (Nesi Mstaafu, Nakuru)

JIBU: Unaweza mama. Andika kwa mkono, mstari ruka mstari ili kurekebisha kuwe rahisi, alafu tafuta kijana akutaipie. Au tumia simu, kuna sehemu ya kuongea na simu yenyewe ikaandika, Kiswahili inakielewa, itakosea majina tu hayo utarekebisha. Kiasi cha kuandika: ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, muda uleule kila siku, ikiwezekana asubuhi kabla wajukuu hawajaamka. Mwaka ukiisha una kurasa zaidi ya 200. Na kwa kuwa ulikuwa nesi nimeshamwambia mzee wa Tabora hapo juu, ingia kupitia wodi. Homa kubwa ile ya mafua ya 1918 kwa mfano, nani atakayeiandika vizuri kuliko nesi? Ukitaka nyaraka, Nyaraka za Taifa za Kenya zipo katikati ya Nairobi, Moi Avenue, mtu mzima kama wewe hutapata shida kufika.

SWALI: Riwaya yangu ya vita ya Kagera imeisha. Mwenye mashine ya kuchapa ananishawishi nichape nakala 2,000, nimepata kiinua mgongo na hela ipo. Unanishauri nini? (Mwanajeshi Mstaafu, Dodoma)

JIBU: Shikamoo mzee. Usichape. Naomba sana kiinua mgongo usikiguse. Mwenye mashine kazi yake ni kuchapa, akishakukabidhi maboksi amemaliza, kuuza ni juu yako, na nakala 2,000 ni nyingi mno kwa mtu asiye na duka wala shule inayomsubiri, zitalala chumbani na panya.

Kwanza toa fotokopi chache uwape watu wasiokuwa na sababu ya kukupendezesha: mwenzako mliyekuwa nae vitani 1978 na 1979, akuangalizie silaha, vyeo na njia mliyopita, na mtu ambaye hakuwepo kabisa, akuonyeshe pale anapopotea. Mambo ya jeshi unayoona hayafai kutoka, uliza kwanza kabla hayajachapwa. Ukisharekebisha peleka mswada kwa wachapishaji wenye wahariri, mchapishaji wa kweli hakuombi hela, na uwe mvumilivu maana majibu yanachukua miezi. Wakati huohuo ingiza kwenye mashindano: kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuna ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, zote zinapokea miswada ya riwaya ambayo haijachapishwa, soma tu masharti ya mwaka husika.

Kama wote watakataa na bado unataka kujichapishia, mlipe mhariri kwanza kabla ya mashine, chukua ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, Bodi ya Huduma za Maktaba, kasajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, alafu chapa nakala 100. Zikiisha ndo urudi kwa huyo bwana.